Mdahalo Ulioishia Mferejini

Kila Ijumaa, wanafunzi wa shule moja ya Kabiro, Kawangware, waliteka maji ya kunyunyizia sakafu ya udongo kabla ya kufagia. Asiyekuwa na maji alichapwa. Nasipwondi wa darasa la saba alikuwa amechapwa mara nyingi, wala si kwa uvivu. Ishmael, kiranja wa mfereji wa bomba, alijitungia sheria: watoto wa wenye ploti wateke kwanza, wa wapangaji, kama Nasipwondi, wangoje. Zamu yao ilipofika, mfereji ulitoa hewa tu.

Ijumaa moja mwaka wa 1974, mdahalo ulitangulia usafi. Kati ya Martin Luther King na Malcolm X, nani aliongoza vizuri zaidi kupinga ubaguzi wa rangi Marekani? Ishmael na Sella, rafiki wa Nasipwondi, walimtetea King.

"Weusi waliamrishwa kukaa nyuma ya basi!" Ishmael alinguruma. "Hawakurusha jiwe. Waligomea mabasi, wakatembea kwa miguu mwaka mzima!" Alipigiwa makofi, naye akavimba kichwa.

Nasipwondi akasimama. "Malcolm X hakubembeleza. Aliwaambia weusi wajiheshimu, wamwambie ukweli anayewaonea, na wajilinde wakipigwa."

"Huyo ni wa fujo tu!" Sella akamkatiza. Marafiki wakanuniana. Kengele ikalia kabla Mwalimu Phanuel hajaamua mshindi.

Mferejini, Ishmael akanyoosha mkono. "Watoto wa kukodi, nyuma! Hii shamba ni babu yangu alipatia shule."

 Nasipwondi alijua akimjibu kiranja, atashtakiwa. Akinyamaza, atachapwa tena.

"Ishmael," akasema, wote wakisikia, "kwenye hilo basi lako, sisi tunakaa wapi?"

  Aibu ikamshika Ishmael, ikageuka hasira, akainua kopo ampige.

Sella akatua ndoo yake, akaketi topeni kando ya rafiki yake. "Hatupigani, na hatutoki hapa." Wapangaji wote wakaketi. Hata Wangoi, binti wa mwenye ploti, akaketi na sare yake safi.

Mwalimu Phanuel, aliyekuwa akisikiliza kutoka darasani, akatokea. Nasipwondi alijua leo ni fimbo.

"Ni mimi, Mwalimu," Ishmael akasema taratibu, akiliweka kopo chini. "Nimekuwa nikiwaweka nyuma, kama wale wa mabasi niliowatetea."

"Basi kuanzia leo, anayefika kwanza anateka kwanza."

Lo! Nasipwondi alihisi ametuliwa gunia la mahindi mgongoni. Alicheka huku machozi yakimtoka.

"Na mdahalo, Mwalimu?" Sella akauliza. "Nani ameshinda?"

Mwalimu akatabasamu. "Mmoja alisema ukweli bila kuogopa, mwingine akaketi bila kumgusa mtu. Kama Nasipwondi angekuwa peke yake, angefukuzwa. Nawe ungeketi bila neno lake, tungedhani umechoka tu. Viongozi hutofautiana njia, lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Tena kumbukeni: ni rahisi kulaani ubaguzi wa mbali. Anzeni na foleni yenu."

Ishmael akaokota kopo lake, akaenda kusimama nyuma ya wote. Siku hiyo maji yaliwatosha, naye pia akapata.