Picha ya Jumanne

Mlango wa ofisi haukuguswa, ila kabati lilikuwa limevunjwa kwa nondo. Madaftari kumi na moja hayakuwepo. Mzee mhesabu ndege alikaa sakafuni mbele ya rafu tupu kama mfiwa.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa akipanda mlimani kila mwezi na kuandika kila ndege aliyemwona. Ijumaa kamati ya hifadhi ingeamua kama msitu wa mlima huo umepona, na kamati haipokei maneno matupu.

"Nani mwingine ana ufunguo wa ofisi?" inspekta aliuliza.

"Mkwe wangu tu, yule anayepima msitu kwa picha za setilaiti. Lakini huyo ni mwanangu kabisa, mama."

Mkwe alimkaribisha inspekta kwa adabu. Kwenye kompyuta yake mlima ulizidi kuwa kijani mwaka hadi mwaka.

"Wizi ulitokea Jumanne. Picha ya siku hiyo unayo?"

"Ipo, afande, ila haisaidii. Mawingu matupu."

Inspekta aliaga. Jumanne ile yeye mwenyewe alikuwa amefua mablanketi matatu, yakakauka juani kabla ya adhuhuri. Aliwaomba wenye setilaiti wenyewe nakala ya picha hiyo. Ilifika Alhamisi, safi, na kwenye mteremko wa nyuma wa mlima palikuwa na doa jeusi.

Alipanda mwenyewe. Ndani ya majivu aliokota waya za madaftari, kumi na moja, akazipanga mezani mbele ya mkwe.

"Mawingu, eh?"

Mkwe aligusa waya moja kwa kidole. "Nilichoma mimi."

"Kwa nini?"

"Kijani chote kile ni kichaka vamizi, afande, si msitu. Kutoka juu sikukitambua. Mzee alikijua, maana ndege hawakai humo. Alinionyesha mwezi uliopita, faraghani, asiniaibishe. Na mimi miaka yote nimeandika kwamba mlima umepona. Nilishindwa kuyafuta maneno yangu."

"Ukaona heri uchome ya kwake."

Mkwe alilia. Inspekta alimhurumia, akajichukia kwa kumhurumia.

"Weka kwenye maelezo yangu," mkwe alisema mwishowe. "Mwaka wa kwanza, aina arobaini na moja za ndege. Mwaka huu, sita. Mengine sikumbuki. Wapelekee kamati."

Asubuhi ya Ijumaa inspekta alimsomea mzee maelezo yale. Mzee hakuuliza habari za kifungo.

"Aina hizo amezitaja kwa majina?"

"Hapana, mzee."

"Basi shika kalamu, mama. Tuanze na zile thelathini na tano zilizoondoka."