Eufrasia wa Kwanza

Cheti kilifika kimelowa. Jua lilikuwa linawaka Masumbwe na bahasha ilikuwa kavu kabisa, lakini karatasi ya ndani ilikuwa na unyevu, ikinuka maziwa yaliyochacha.

Eufrasia Stanslaus Kasubi, muuguzi mstaafu, alikuwa akikusanya vyeti vya kuzaliwa ili aandike historia ya ukoo wake. Alivaa miwani akasoma. Jina lake. Baba yake. Mwadui, 1951.

"Mimi ni wa hamsini na nne," alimwambia bintiye, Noela. "Kumbe ndiyo maana walinistaafisha mapema!"

Akakifungia sandukuni.

Alasiri, Shangazi Rebeka, kikongwe wa miaka tisini na kitu, aliita kutoka uani. "Eufrasia!"

Kabla hajaitika, kitoto kichanga kililia ndani ya sanduku.

Fimbo ikamponyoka shangazi. "Alikuwepo mwingine," alinong'ona. "Dada yako. Aliishi siku nane. Wewe ulizaliwa nyumbani, tukakuita Kabula. Shule ilipotaka cheti, baba yako akatoa cha marehemu, ukachukua na jina. Kifo chake hakikuandikwa popote."

Kesho yake jina lilipoitwa, sandukuni paliitika "Abee!" kwa sauti ya mtoto wa shule. Siku ya tatu ilikuwa sauti ya mwanamke aliyekwisha kuzaa.

Noela akamleta Mzee Majaliwa, mganga wa Katoro. Alinusa sanduku, akarudi nyuma.

"Jini limekalia nafasi ya mtoto yule, nalo linakua. Likifikia umri wako, utaitwa na hutakuwa na sauti ya kuitikia. Choma cheti, Mama Noela. Rudia jina la Kabula."

"Silitoi. Jina hili nimelisaini miaka arobaini kwenye kadi za watoto waliozaliwa mikononi mwangu."

"Utakufa."

"Nitakufa nikiitwa Eufrasia. Malizia ugali wako, mzee, uende salama."

Asubuhi ya nne aliweka cheti mkobani, akamshika mkono shangazi aliyekuwa shahidi wake, wakaenda ofisi ya wilaya, na njia nzima mkoba ulikuwa ukizidi kuwa mzito na kulowa, ukimdondokea mguuni matone ya uvuguvugu, na ndani yake mtu alikuwa akikohoa kikohozi chake yeye, kile kile cha kila asubuhi, hata shangazi akawa hajui amtazame nani.

"Tumekuja kuandikisha kifo," alimwambia karani, kijana aitwaye Abel.

"Cha nani, bibi?"

"Eufrasia Stanslaus Kasubi."

"Na wewe ni?"

"Eufrasia Stanslaus Kasubi."

"Makubwa! Umejileta mwenyewe?"

"Andika, mjukuu wangu. Wa kwanza amekufa. Wa pili ndiye huyu."

Shangazi akaapa, Abel akaandika, akagonga muhuri. Kisha, kwa mazoea ya kuita wenye hati, akaita, "Eufrasia Stanslaus Kasubi!"

Koo la Eufrasia likakaza kama limefungwa kamba. Mkobani mtu akavuta pumzi. Eufrasia akapiga meza kwa kiganja.

"Abee!" alipaza sauti, na ofisi nzima ikageuka.

Mkoba ukawa mwepesi. Ndani, karatasi ilikuwa kavu.

Walirudi polepole, Eufrasia mbele. Shangazi alichoka, akasahau, akamwita kama zamani.

"Kabula, ningoje."

"Abee," kitoto kikaitika nyuma yao, njiani ambako hapakuwa na mtu.

Eufrasia hakugeuka.

"Hilo chukua," alisema, akaendelea kutembea.