Mafua ya Keza

Kila asubuhi, kabla ya kufungua banda la sokwe, Daktari Concilie aliuliza swali moja: "Nani anakohoa?" Aliyekohoa alibaki nje, hata awe mgeni wa heshima, kwa kuwa mafua ya mtu huweza kumuua sokwe.

Vita vilikuwa vimemchosha daktari huyu wa wanyama. Wenye majumba ya Kigobe, mtaa wa matajiri, walipoukimbia mji wa Bujumbura, walimwachia kasuku, chatu, hata mamba aliyefugwa bafuni! Kwa sababu ya vikwazo vya biashara ambavyo nchi jirani ziliiwekea Burundi, dawa zilikuwa adimu kama maziwa ya kuku.

Sasa Keza, sokwe mtoto, alikuwa amejikunyata tangu jana. Hali, hanywi, na ametapika.

"Massoudi! Umemupa ndizi zimeoza?" Concilie alimfokea mlishaji wake.

"Apana, Dokta. Ndizi ilikuwa muzuri, wallahi."

"Kila siku unaapa! Nimechoka na we. Kamata vitu vyako, uende!"

Massoudi, baba wa watoto sita, akaanza kuvua buti zake. Concilie akakoroga dawa kali ya kusafisha tumbo.

"Mama, ngoja!" Ingrid, binti yake wa miaka kumi na miwili, alimshika mkono. "Massoudi hana kosa. Juzi mi nilikuwa na mafua. Nilitafuna tangawizi ili nisikohoe mbele yako. Halafu nikamubeba Keza."

Concilie alishika kichwa kwa hasira. "Mungu wangu! Vita, vikwazo, mamba wa bafuni, na sasa mutoto wangu mwenyewe! Hii dawa ingemumaliza!"

Akaimwaga. Alimpima Keza kifua, akamdunga sindano ya mwisho iliyobaki, akamfunika blanketi na kumtenga na wenzake. Massoudi alimnywesha maji ya asali kwa kijiko, siku tatu mfululizo. Siku ya nne Keza alimpokonya bakuli la uji.

Concilie alimwomba Massoudi radhi mbele ya binti yake, kwa kuwa alimhukumu kabla ya kuchunguza. Kisha akamgeukia Ingrid.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. We ulificha yako, kifo kikamufuata mwenzako. Kuugua si kosa, mutoto wangu. Kosa ni kudanganya. Keza hana mudomo wa kusema kinachomuuma. Sisi wenye mudomo tukisema uongo, nani atamusemea?"