Bakshishi ya Mpishi

Kisu kilikuwa kinanolewa gizani. Sheryl alikisikia akiwa bado ndani ya blanketi: chuma kikisugua kitako cha sahani ya udongo, polepole, kikinyamaza, kisha kikaanza tena. Tokeni za stima zilikuwa zimeisha jana yake jioni, na mama hakutaka kuwasha tochi ya simu kwa sababu chaji ilikuwa imebaki kidogo.

"Mama, utajikata," Sheryl alisema.

"Mkono wangu unakijua hiki kisu. Amka uoge, maji nimeshakuwekea. Leo tunaenda sote."

Mama yake, Lorine, alikuwa mpishi katika meli ndogo ya kutembeza wageni pale Kisumu. Jumamosi nyingine zote Sheryl, msichana wa miaka kumi na miwili, alishinda kwa shangazi yake. Lakini wiki hiyo shangazi alikuwa amekwenda Ahero, maana maji ya mafuriko yalikuwa yameingia nyumbani kwa nyanya. Kapteni wa meli alikubali Sheryl aje kwa sharti moja: akae jikoni na kitabu chake, asizurure.

Walipofika gatini jua lilikuwa linachomoza. Kijana mwembamba aitwaye Griffins, mhudumu wa meza, alikuwa anafuta viti. Alikuwa ameanza kazi mwezi huo na bado alikuwa anajaribiwa.

"Meneja mpya amefika," alisema alipomwona Sheryl. "Kapteni, niombee. Huyu anaonekana mkali."

"Mimi si meneja, anko."

"Hivyo ndivyo mameneja wote husema siku ya kwanza."

Kapteni Nasambu, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, alitabasamu kidogo akaendelea kukagua kamba.

Sheryl alimtazama Griffins alivyoinama. Mfuko wa koti lake jeupe ulikuwa umeshonwa kabisa kwa uzi mweusi. Alipofika jikoni akaona mfuko wa aproni ya mama nao umeshonwa vivyo hivyo.

"Mama, mbona mmeshona mifuko?"

Mama alikuwa anaparua ngege, wale samaki wa ziwani, magamba yakiruka hadi kwenye nywele zake. "Zamani kila mtu aliweka bakshishi yake mfukoni," alisema. "Wahudumu wakawa wanagombania meza za wageni matajiri. Hakuna aliyetaka kuosha sitaha, maana anayeosha sitaha hapewi kitu. Basi tukakaa chini tukakubaliana. Chochote anachotoa mgeni, hata akitaja jina la mtu, kinaingia kwenye ile sufuria pale kwenye ngazi. Jioni tunagawana sawa, sote watano. Mifuko tukaishona wenyewe."

"Hata Kapteni?"

"Hata Kapteni."

Sheryl alitia mkono kwenye mfuko wa gauni lake. Ni yeye peke yake aliyekuwa na mfuko humo melini.

Wageni wa siku hiyo walikuwa familia moja ya mjini Kisumu. Baba yao, Mzee Jasvir, alikuwa anatimiza miaka themanini. Alipanda meli taratibu akiwa amevaa kilemba cha bluu, wajukuu wakimshika huku na huku. Meli ikaelekea upande wa Dunga, kwa kuwa watoto walitaka kuona viboko.

Hawakufika mbali. Magugumaji yalikuwa yamesukumwa na upepo yakafunika ziwa kama shamba la kijani. Meli ilitetemeka, ikanguruma, ikasimama.

Sheryl alichungulia kwenye dirisha la jikoni. Mzee Ondiek, fundi wa injini, alikuwa amevua shati. Alijifunga kamba kiunoni, akashika panga, akateremka majini nyuma ya meli. Magugu yalikuwa yamejizungusha kwenye rafadha, ile feni kubwa ya chuma inayozunguka chini na kuisukuma meli. Waliaula, mfanyakazi wa sitaha, aliishika kamba kwa mikono miwili huku macho yake yakizunguka majini, asije kiboko akatokea.

Juu, wageni walikuwa wanapiga picha za ndege. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini wamesimama, na Griffins akamwambia meli inapumzika kidogo kabla ya chakula. Watoto wakacheka.

Mzee Ondiek alipotoka, midomo yake ilikuwa imegeuka rangi na mguu mmoja ulikuwa unavuja damu. Mama alimpa chai. Alikunywa akiwa amesimama, akitetemeka, kisha akarudi chini kwenye injini. Meli ikaanza kwenda.

Kisha ukafika wakati wa chakula. Mama alipanga samaki kwenye sahani, akafuta ukingo wa kila sahani kwa kitambaa. Hapo ndipo Sheryl akamuuliza kama wageni huwa wanamshukuru.

"Wageni hawafiki huku, mwanangu. Tangu nianze kazi hii, sijasikia mtu akiuliza nani amepika." Mama alisema hivyo bila kununa, kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Lakini Sheryl maneno hayo yalimkaa kifuani.

Griffins alibeba sahani mikono yote miwili, akasahau malimau. Mama akamwambia Sheryl ayapeleke haraka na kurudi. Alipoyaweka mezani, Mzee Jasvir aliinua macho.

"Binti, nani amepika huyu samaki?"

"Ni mama yangu," Sheryl alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka.

Mzee alitoa noti zilizokunjwa, akazifunika ndani ya kiganja cha Sheryl. "Mpe mkononi mwake. Mwambie leo nimekula kama nilivyokuwa nikila kwa mama yangu."

Sheryl alirudi akipita kwenye ngazi. Sufuria ilikuwa pale, tupu. Alisimama. Kanuni aliijua, alikuwa ameisikia asubuhi ile ile. Lakini mzee alisema ni za mpishi. Anko Griffins hakupika. Waliaula hakupika. Nyumbani hakuna stima, na mama ameamka gizani kunoa kisu. Akazitia noti mfukoni. Atampa mama wakiwa wamefunga mlango, na mama atafurahi.

Alasiri meli ilirudi gatini. Wageni walishuka mmoja mmoja, wengine wakitia kidogo kwenye sufuria. Mkazamwana wa Mzee Jasvir alimshukuru Waliaula aliyeshika ubao wa kushukia. "Baba tayari ameacha kitu kizuri kwa mpishi wenu," alisema. "Amefurahi sana leo."

Walipoketi kugawana, Waliaula aliitazama sufuria, kisha akatazama tena.

"Mama Sheryl, kile alichoacha mzee umekipata?"

"Kipi? Mimi sijapata kitu."

Waliaula alieleza aliyoyasikia kwa mgeni. Kapteni akauliza ni nani aliyekuwa kwenye meza ya mzee. Wote wakamgeukia Griffins.

"Nilikuwa mimi," Griffins alisema. "Lakini mzee hakunipa chochote."

"Na mfuko wako mbona umefumuka?" Waliaula aliuliza.

Kweli, uzi mweusi wa koti lake ulikuwa umekatika, na mfuko umeachama. Griffins aliushika kama mtu aliyeguswa kidonda. "Umenasa kwenye reli ya ukingoni nilipokuwa nabeba sahani. Haki ya Mungu, sikuona hata umekatika saa ngapi."

"Leo, siku ya mzee tajiri, ndiyo reli imeamua kukunasa."

Waliaula alisimama, akasogea ukingoni. Pale gatini waendesha mashua walikuwa wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Akawaambia kwa sauti wamtazame vizuri yule kijana, maana kesho ataomba kazi kwao na mikono yake si misafi. Mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Huyo hapa kwetu hakanyagi."

Sheryl alihisi noti zikimchoma pajani. Hakuna aliyemtazama. Mtoto hahesabiki kati ya watu watano.

"Kapteni," mama alisema, "kama ni za mpishi, basi mimi nimesamehe. Msimfukuze kijana kwa ajili yangu."

"Si zako peke yako hata uzisamehe, Mama Sheryl. Ni zetu sote." Kapteni Nasambu alimgeukia Griffins, na uso wake ulikuwa mzito. "Kesho usije kwanza. Nitakupigia simu."

Griffins alifungua vifungo vya koti, akalivua, akalikunja mara mbili vizuri juu ya kiti. Alibaki na fulana iliyochakaa mabegani. "Mke wangu atauliza," alisema, si kwa mtu yeyote. "Sijui nitaanzia wapi."

Sheryl aliinuka. Alitoa noti mfukoni, akaziweka ndani ya sufuria, akarudi akasimama mbele ya mama yake bila kuinua kichwa.

Mama alijifunika mdomo kwa ncha ya aproni.

"Nani alikupa?" Kapteni aliuliza.

"Mzee. Aliniambia nimpe mama. Nilitaka nimpe nyumbani." Machozi yalianza kumtoka. "Hakuna mtu anayemshukuru mama."

Mama alitaka kumvuta, lakini Kapteni aliinua kiganja kumzuia. Alichuchumaa, uso wake ukawa usawa mmoja na wa Sheryl.

"Nisikilize, mwanangu. Leo ulimwona Mzee Ondiek alipotoka majini?"

"Nilimwona."

"Mzee Jasvir alimwona?"

Sheryl alitikisa kichwa.

"Basi. Mgeni huona sahani. Haoni aliyeingia majini na panga ili sahani hiyo ifike ikiwa moto, wala aliyeshika kamba. Siku moja atakayesifiwa ni Griffins, na siku hiyo mama yako atakula kutokana na sifa za Griffins. Tusipogawana hivyo, anayeonekana atashiba na asiyeonekana atalala njaa. Kumpenda mama yako si kosa. Umekosea kuficha, na umekosea zaidi ulipoona mtu mwingine anabeba lawama yako, ukanyamaza."

"Nisamehe, Kapteni."

"Nimekusamehe. Hata mimi nina kosa." Kapteni alisimama, akalichukua koti kitini, akalikunjua na kumpa Griffins kwa mikono miwili. "Nilimhukumu mtu kwa sababu ya uzi uliokatika. Nisamehe, ndugu yangu. Kazi yako ipo."

Griffins alilipokea, lakini hakulivaa. Macho yake yalikuwa kule gatini. Waliaula aliona anakotazama, akainamisha kichwa.

"Pesa zimerudi," Kapteni alisema. "Jina la Griffins bado halijarudi. Liko kule chini kwa wale watu, na haliwezi kurudi lenyewe."

"Niliwaambia mimi," Waliaula alisema. "Nitaenda."

"Utaenda. Lakini watadhani unamfichia makosa."

Sheryl alijifuta uso kwa mkono wa gauni. Alimtazama mama yake. Mama alikuwa analia kimyakimya, lakini alimwitikia kwa kichwa, akamsogeza mbele kwa ncha za vidole, akamwachia.

Alishuka ule ubao peke yake, Waliaula akimfuata kwa mbali. Waendesha mashua waliacha kucheza. Yule aliyecheka aliinua vifuniko vyake, akauliza huyu mtoto anataka nini. Nyuma yake, juu melini, Sheryl alijua wote wamesimama kwenye reli, Griffins akiwa na koti mkononi. Akavuta pumzi, akainua uso, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa gati:

"Anko Griffins hakuchukua kitu, pesa nilizificha mimi."