Neno Alilolikusudia Swafwan

Kama si Mtaliano mmoja mwenye kichwa kikubwa, Wafa asingemjua Swafwan. Soko la zamani la Malindi lilifurika asubuhi ile, wauza ndizi wanagombania nafasi na wauza viungo, na Wafa, aliyetoka Kilifi na kapu la kofia alizozishona kwa mkono, hakuwa hata na pa kukalia. Mtaliano alijaribu kofia baada ya kofia, zote zikamkaa utosini. Kando yake alisimama kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, mtembeza wageni, akimwaga Kitaliano utadhani kanyonyeshwa nacho.

"Anauliza kama umeolewa," kijana akatafsiri.

Wafa akamtazama Mtaliano, ambaye bado alikuwa anashindana na kofia. "Mwambie sijaolewa, na kofia imepanda bei kwa ajili ya umbea wa mkalimani wake."

Swafwan alicheka mpaka mgeni naye akataka kujua kuna nini. Kofia ilinunuliwa, na mkalimani akaondoka na nambari ya simu.

Alikuwa na ulimi yule, wallahi! Akipiga simu baada ya isha, anamwita nyonda, anamwita roho yangu, anamhadithia vituko vya wageni mpaka simu inachemka sikioni. Wafa alikuwa akisema amechoka na anataka kulala, lakini hakati simu yeye. Mwaka haukuisha, wakaoana, wakakaa Malindi kwa mamake Swafwan, Bi Kamaria, mjane mwenye mwana mmoja na maneno ya kuwatosha wana kumi.

Kiharusi hakikupiga hodi. Kilimkuta Swafwan anajinyoa mbele ya kioo, povu bado liko shavuni. Hospitalini waliuokoa uhai, mguu ukarudi kidogo kidogo, mkono nao nusunusu. Maneno hayakurudi. Kitaliano kiliondoka chote, na Kiswahili kikabaki vipande. Alitaka maji akasema gari, alitaka mkate akasema viatu, na kila alipokosea alijua amekosea, akajipiga paja kwa hasira. Akili yake ilikuwa nzima. Hilo ndilo watu walilokataa kulielewa.

Mtaalamu wa mazoezi ya kusema alimwonya Wafa: mpeni muda, msimmalizie maneno. Wafa aliitikia vizuri, na asifanye. Mapenzi nayo yana haraka zake. Mumewe akianza "na... na...", yeye amekwisha kusema, "Unataka chai, mpenzi." Pengine haikuwa chai. Swafwan aliinywa vivyo hivyo.

Wageni walikuja wakamuuliza Wafa kama mumewe anakula, kama analala, na mwenyewe ameketi pale pale anawasikia. Wote walimwambia atapona, ajikaze, yeye ni mwanamume. Aliyesema zaidi ya wote alikuwa Wafa, tena kwa sauti ile ya kumbembelezea mtoto. Marafiki wakapungua. Swafwan akaacha kwenda msikitini, akaacha kunyoa ndevu, akawa analala na uso ukutani hata mchana. Wafa alijiambia kwamba ni uchovu tu.

Ndipo akaanza kumsikia bafuni asubuhi. Maji yanamwagika, na nyuma ya mlango Swafwan ananong'ona, anarudia, anarudia tena. Wafa hakuyashika maneno, ila moyo wake ulifurahi. Alimwambia Bi Kamaria kwamba mazoezi yameanza kumwingia.

Ijumaa moja pilau ilikuwa imepakuliwa, na Farjallah, kakake Wafa, amekuja kutoka Kibarani kuwaangalia. Swafwan aliweka kijiko chini akamtazama mkewe.

"Wafa," akasema. "Nimekuacha. Talaka moja."

Maneno yalitoka yamenyooka, bila kigugumizi. Bi Kamaria akapiga kigelegele. Alikuwa hajakimaliza maana ilipomfikia, akauziba mdomo kwa mtandio.

Wafa hakulia. Alimpakulia kakake nyama, kisha akaurudisha mwiko sufuriani.

Sheikh wa mtaa aliitwa baada ya asri. Bi Kamaria alimweleza kwamba mwanawe huita maji gari, basi na hilo neno nalo limemteleza tu. Farjallah akaongeza kwamba maneno ya mgonjwa hayavunji nyumba. Sheikh aliwasikiliza, kisha akamgeukia Swafwan mwenyewe, akamuuliza kwa upole kama alikusudia.

Swafwan akafungua kinywa. "Ni... ni..."

"Hakukusudia," mamake akamalizia.

Kinywa kikafungwa. Wafa alikiona kikifungwa, akatambua kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekifunga hivyo hivyo kila siku tangu siku ya maradhi. Kumbe kule bafuni mtu alikuwa anajifunza maneno ambayo hakuna atakayemmalizia.

"Wewe ndiye unayeishi naye," Sheikh akamwambia Wafa. "Wasemaje?"

Ilikuwa rahisi sana kusema hakujua alinenalo. Angesema hivyo, mume angebaki wake, na wote mle ndani wangeshukuru, isipokuwa mmoja. Wafa alimpenda Swafwan kiasi cha kuweza kuapa uongo. Akayaangalia macho yake, akaona hawezi.

"Alikusudia, Sheikh," akasema. "Asifanywe mtoto. Mume wangu ana akili zake, na ameniacha."

Bi Kamaria alimuuliza kama amerogwa. Swafwan alikuwa analia kwa sauti, huku akitikisa kichwa kukubali. Tangu augue, ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwamini.

Sheikh akapitisha. Talaka imesimama, ni moja, yenye rejea. Wafa akae eda humo humo nyumbani, chumba mbali. Kabla eda haijaisha Swafwan anaweza kumrejea mkewe kwa kauli, na kwa asiyeweza kunena, ishara inayofahamika yatosha. Ikiisha bila rejea, basi tena.

Wafa alihamia chumba cha uani. Kila asubuhi alijitokeza akitumaini ishara, na kila asubuhi Swafwan aliinamisha uso kwenye sahani yake. Bi Kamaria hakumsemesha, ila kumwita mjinga aliyejivunjia nyumba kwa mkono wake. Wafa alianza kuamini hivyo. Eda, yaani tohara tatu za baada ya hedhi, iliyoyoma: mbili zikapita, ya tatu ikawa karibu kwisha, na Farjallah akapiga simu kusema kesho anakuja kumchukua.

Adhuhuri hiyo alikuwa anakunja nguo zake kitandani, mkoba wa safari ukiwa wazi kando yake. Swafwan akasimama mlangoni na mkongojo, akautazama mkoba, akaitikia kwa kichwa: nenda. Kisha akajigusa kifua.

"Mzigo," akasema.

Watu wote wa nyumba ile walikuwa na jibu moja: astaghfirullah, wewe si mzigo. Wafa mwenyewe alikwisha kulitoa mara nyingi. Siku hiyo hasira zilimpanda.

"Ndiyo, mzigo. Nimechoka, Swafwan. Mgongo unaniuma, usingizi sina, na nimelikosa lile domo lako mpaka kuna siku nakuchukia. Nilikuwa nakumalizia maneno, nilikukosea, niwie radhi. Lakini na wewe umenimalizia langu. Umeniamulia ninachotaka, hukuniacha niseme. Hebu nisikilize basi. Nimechoka, na sitaki kwenda."

Swafwan alimkazia macho. "Cho... choka," akasema, akimwonyesha kidole.

"Sana."

Akashusha pumzi, kana kwamba hilo ndilo alilokuwa akilingoja. Bi Kamaria alikuwa amekwisha kufika nyuma yake. Swafwan akaanza, "Ru..." akakwama. "Gari," akasema, akajipiga paja.

"Anataka..." mamake akadakia.

"Mwache, Mama," Wafa akasema.

Mkono mzima wa Swafwan ulikuwa umenyooshwa kwake. Kisheria ungetosha. Wafa hakuushika. Hakutaka kurejewa kwa kukisiwa, na hakutaka tena kumwibia neno lake. Aliketi kitandani juu ya nguo zake akangoja, jasho linamtiririka, akijua kwamba huenda neno lisije kabisa.

"Rudi," Swafwan akasema. "Wafa. Rudi."

Akarudi. Lakini nisikudanganye: Swafwan hakupona. Kitaliano hakikumrudia, na wageni walipata watembezaji wengine. Bado kuna siku anaupa ukuta uso mpaka asri, hataki kuonwa, na Wafa hamwambii tena kwamba atapona. Jioni ile ile ya kurejeana Swafwan alitaka kumwambia kitu kingine, kirefu, akaanza mara nyingi, akashindwa, akalia. Wafa alikaa mbele yake bila kusema kitu mpaka kiza kikaingia chumbani. Neno halikuja, na hakumsemea.