Bidoni Yenye Kitambaa Chekundu

Kila asubuhi kabla ya shule, Victoire alibeba bidoni mbili tupu za maji hadi kwenye robine, bomba la maji la avenii yao huko Kavimvira, upande wa kaskazini wa mji wa Uvira. Maji yalianza kutoka saa kumi na mbili, na mara nyingi yalikatika kabla ya saa mbili. Kwa hiyo watu waliwahi. Bidoni za manjano zilipangwa mstari mmoja mrefu, kutoka kwenye robine hadi kwenye ukuta mfupi wa nyumba ambayo mwenyewe hakumaliza kuijenga.

Mstari ule ulikuwa na sheria yake, ingawa hakuna aliyeiandika popote. Bidoni ikishasimama mahali pake, mwenyewe anaweza kwenda kukaa, kumsuka mwenzake nywele, hata kurudi nyumbani kuangalia moto. Bidoni inamshikia nafasi. Mstari ukisogea, aliye nyuma anaisogeza ya mwenzake pamoja na yake. Ili zisichanganyike, kila moja ilitiwa alama. Za Victoire zilichorwa herufi V kwa rangi ya bluu. Ya rafiki yake Irambona ilifungwa kitambaa chekundu kwenye mshikio.

Wakati bidoni zikingoja, wasichana wanne walikaa juu ya ule ukuta mfupi: Victoire, Irambona, Jolie na Ernestine. Wote walisoma darasa la sita katika shule moja. Waliongea juu ya viatu vipya vya mwalimu vilivyolia kama bata, juu ya kiboko aliyetoka ziwani na kula viazi vitamu vya shemeji yake Ernestine, juu ya binamu fulani aliyekaa Bujumbura wiki mbili tu akarudi akiongea kwa pua. Yalikuwa maneno ya kupitisha muda. Jolie ndiye aliyejua kuchekesha. Mtu akileta habari mpya, Jolie alimgeukia kwa mwili mzima, na wengine wote waligeuka naye. Ilikuwa tamu kugeukiwa na Jolie.

Jumanne moja ya msimu wa mvua, Irambona alichelewa. Victoire alipita karibu na kwao akaona watu wawili wakitoka katika kiwanja chao. Walivaa viatu virefu vya mpira, na kila mmoja alibeba pompa ya dawa mgongoni. Kuta za nyumba zilikuwa zimelowa. Harufu kali ya klori ilifika hadi barabarani. Mlango ulikuwa wazi, lakini hakumwona mtu ndani. Hakusimama, kwa kuwa hakutaka kukosa nafasi.

Kwenye ukuta, maongezi yalikuwa yamekauka. Ernestine alikuwa akipiga miayo. Victoire aliketi, akaweka mikono magotini, akasema polepole ili wamsikilize vizuri:

"Minye nimeona wenye pompa wanatoka kwa Irambona."

Jolie akageuka kwa mwili mzima.

"Iko kolera kwao?" aliuliza.

Victoire hakujua. Angeweza kusema kwamba hajui, na jambo lingeishia hapo. Lakini wote wawili walikuwa wakimtazama.

"Sasa weye unafikiri wanapuliza nini kingine?" alijibu.

Ernestine akakumbusha kwamba mama yake Irambona hukaanga mandazi na kuwauzia madereva kwenye kituo cha magari yanayokwenda Luberizi na Kamanyola. Jolie akashika tumbo lake, akakunja uso, akaigiza dereva aliyekula mandazi mawili na sasa anatafuta pa kusimamisha gari. Wakacheka mpaka wanawake waliokuwa kwenye robine wakatazama kuna nini. Mmoja wao aliuliza. Ernestine akamweleza.

Irambona alipofika wakanyamaza. Alikaa kati yao, akauliza wanacheka nini. Jolie alisema ni kiboko.

Baada ya kuteka maji, Victoire na Irambona walirudi pamoja, bidoni zikiwa kichwani. Irambona akaeleza kwa nini alichelewa. Mpangaji mmoja wa kiwanja cha nyuma alikuwa amepelekwa kwenye kituo cha matibabu ya kipindupindu. Watu wa afya walikuwa wakipuliza dawa katika nyumba zote zinazomzunguka. Mama alinung'unika sana, maana dawa ililowesha godoro.

"Kwetu hakuna mgonjwa," alisema Irambona. "Na kesho watafika hata kwenu."

Victoire alisikia vizuri. Robine ilikuwa nyuma yao, hatua mia mbili hivi, na wale wanawake walikuwa bado pale. Alifikiria kurudi. Kisha alimwona Jolie moyoni, jinsi atakavyomgeukia safari hii, na jinsi atakavyomwigiza mbele ya wengine: Victoire, shahidi asiyeona. Akaendelea kutembea.

Kesho yake watu wa pompa walifika kwao kweli. Mama yake alifunika sufuria, akatoa mikeka nje, akawashukuru. Siku ile hakuna aliyesema neno juu ya nyumba ya Victoire, kwa sababu hakuna aliyelipeleka kwenye ukuta.

Lakini neno la Jumanne lilikuwa limekwisha kuondoka. Siku ya Alhamisi, Victoire aliona mwanamke mmoja akiusogeza mstari. Alipofika kwenye bidoni yenye kitambaa chekundu, hakuigusa kwa mkono. Aliisukuma kwa mguu hadi ikatoka nje ya mstari, ikaanguka kando ya mfereji. Aliyemfuata aliziba ile nafasi. Irambona aliinuka ukutani, akaiokota bidoni yake, akaenda kuiweka nyuma kabisa. Muda kidogo, mtu mwingine akaisukuma tena.

Irambona aliwatazama rafiki zake. Jolie alikuwa akifunga kamba ya kiatu. Victoire aliangalia vidole vyake vya miguu. Siku hiyo maji yalikatika kabla ya zamu ya Irambona. Alirudi na bidoni tupu, akiipiga piga kwenye goti.

Hakuonekana tena kwenye robine. Darasani alikaa benchi la nyuma, na alipoulizwa alijibu kwa neno moja. Watoto walisema mama yake sasa anarudi kutoka kituoni na beseni la mandazi likiwa limejaa, na kwamba amejaribu kuuzia mahali pengine bila kupata wateja. Jolie alizungumzia habari hizo siku mbili, kisha akapata habari nyingine.

Siku kumi zikapita. Mchana mmoja Victoire alitumwa na mama yake kununua ndakala, wale dagaa wa ziwani, ufukweni, pale wavuvi wanapozianika. Humo njiani alikutana na Irambona akitoka ziwani na bidoni kichwani. Kitambaa chekundu kilikuwa kimelowa. Victoire aliyaangalia maji yaliyochuruzika ubavuni mwa bidoni. Hayakuwa safi.

"Mnakunywa maji ya ziwa?" aliuliza.

"Tunakunywa ya wapi?" Irambona alijibu.

Alitaka kupita, lakini miguu yake ikasita. Aliitua bidoni chini. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema kwamba Rénovat, mdogo wake wa miaka minne, alikuwa anaharisha na kutapika tangu asubuhi. Mama anampa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, lakini hayakai tumboni. Sasa hata halii tena.

"Mbona hamjampeleka kituoni?"

"Mama hataki. Anasema tukipita barabarani na mtoto mgongoni, watu watasema, mnaona sasa, si tulisema? Anangoja giza liingie." Irambona alijifuta uso kwa mkono. "Tafadhali, usimwambie mtu."

Zilibaki saa nne nzima kabla giza halijaingia. Victoire alisimama na sahani yake tupu ya ndakala, na kwa mara ya kwanza aliuogopa mdomo wake mwenyewe. Siku ile aliyopaswa kunyamaza, aliongea. Siku ile aliyopaswa kusema, alinyamaza. Leo rafiki yake anamwomba anyamaze, na yeye hakujua kama ana haki ya kufanya chochote. Lakini alikumbuka lile neno, kwamba mtoto hata halii tena.

Alikimbia kwa Mama Bénédicte.

Mama Bénédicte alikuwa mwanamke mnene, mpole, anayeshughulikia afya ya watu wa avenii yao. Ndiye aliyetembelea nyumba kwa nyumba akiwafundisha watu kutibu maji na kunawa mikono. Victoire alimwambia habari ya Rénovat. Mama Bénédicte hakuuliza swali hata moja. Alichukua pakiti za dawa ya kuchanganya na maji, akasimamisha pikipiki barabarani, na baada ya muda mfupi alitoka kwa kina Irambona akiwa amempakata mtoto, mama yake ameketi nyuma. Shingo ya Rénovat ililegea kama ya mtoto aliyezaliwa jana. Watu walitoka viwanjani kuangalia. Mama Irambona alijifunika uso kwa kitenge chake safari yote.

Kituoni Rénovat aliwekewa serumu, maji ya mishipani, mkono wa kulia na wa kushoto. Muuguzi alisema kama wangengoja hadi usiku, wasingekuwa tena na mtoto wa kutibu. Mtoto alilala pale siku nne. Siku ya tano alirudi nyumbani akitembea, amekonda, akiomba ndizi.

Jioni hiyo Mama Bénédicte alimwita Victoire nyumbani kwake, akamkalisha kwenye kiti, akamuuliza jinsi ule uvumi wa kolera kwa kina Irambona ulivyoanza. Victoire alijaribu kueleza juu ya Jolie na Ernestine, na jinsi Irambona alivyomwambia baadaye kwamba kwao hakuna mgonjwa. Mama Bénédicte alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayechagua mchele:

"Wewe mwenyewe, kwa macho yako, uliona nini?"

"Niliona watu wawili wenye pompa."

"Na nini tena?"

"Kuta zilizolowa."

"Uliona mgonjwa?"

"Hapana, mama."

"Na ulipoambiwa kwamba hakuna mgonjwa, ulimwambia nani?"

Victoire aliinamisha uso. Alianza kulia. Mama Bénédicte hakumkaripia, wala hakumbembeleza. Alingoja amalize, akamwambia kwamba Jumamosi watakwenda pamoja kwenye robine.

Jumamosi walikwenda. Mama Bénédicte aliomba watu wanyamaze kidogo, akamwachia Victoire nafasi. Victoire alisema yote kwa mpangilio: alichokiona, neno aliloongeza, na jinsi alivyoujua ukweli hatua mia mbili tu kutoka hapo, akakataa kurudi. Alisema kwamba hata kwao dawa ilipulizwa. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wote walisikia, kwa sababu siku hiyo hakuna aliyekuwa akiongea. Ernestine aliinamisha kichwa. Jolie alitazama barabarani. Baadaye Jolie alimwambia Victoire kwamba amewaaibisha bure, kwani lilikuwa jambo la mchezo. Mwanamke yule aliyeisukuma bidoni kwa mguu alisema kwamba yeye alifuata tu alivyosikia. Wengi walisema hivyo hivyo. Jioni Victoire alikwenda kwa kina Irambona, akamweleza yote, akamwomba msamaha.

Hata hivyo, Jumatatu bidoni yenye kitambaa chekundu ilirudi kwenye mstari, na hakuna aliyeigusa. Mama Irambona alirudi kwenye kituo cha magari. Madereva wa Luberizi walinunua tena mandazi yake. Wa Kamanyola walikuwa wamezoea kununua kwa mwingine.

Asubuhi hiyo Victoire aliiona nafasi tupu kwenye ukuta, pale alipozoea kukaa Irambona. Irambona hakwenda kuketi. Alisimama kando ya bidoni yake, mkono juu ya mshikio, na kila mstari uliposogea aliisogeza mwenyewe. Victoire alimwendea.

"Irambona, njoo tukae. Nitakuangalilia bidoni."

Irambona alimtazama bila hasira. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Hapana," alisema. "Nitaiangalia mwenyewe."

Mama Bénédicte alikuwa amekaa karibu na robine, akitia dawa ya klori katika kila bidoni iliyojaa, akiipima kwa bomba la sindano. Alikuwa amesikia. Victoire alipofika mbele yake na bidoni zake mbili, alimuuliza kwa sauti ya chini Irambona atamsamehe lini.

Mama Bénédicte alivuta dawa, akaangalia alama kwenye bomba, akaitia ndani ya bidoni ya kwanza.

"Maji haya ukiyaacha nusu saa, yatakuwa salama kunywa," alisema. "Dawa hii tunaijua, tunajua na muda wake. Dawa ya neno mimi siijui, mwanangu. Ulimwomba msamaha, ulisema ukweli mbele ya watu, na mtoto amepona. Sasa utangoja, na hutapewa saa. Lakini kila asubuhi utakaa na watu na mtaongea, maana watu lazima waongee. Sema kile macho yako yalichoona, kisha ukome hapo. Usichokijua, sema hukijui. Na ukigundua kwamba ulikosea, rudi siku ile ile, hata ukiwa na bidoni kichwani. Zile hatua mia mbili ulizokataa kurudi ndizo zilizompeleka Rénovat kituoni."

Alifunika bidoni ya pili. Victoire aliiinua ya kwanza, akajitwika. Nyuma yake mstari ukasogea, na Irambona akainama, akashika kitambaa chekundu, akaivuta bidoni yake hatua moja mbele.