Maiki ya Shangazi

Jua lilikuwa linazama Fundi alipotumwa kuchukua maiki kwa Shangazi. Kazi ndogo tu. Maiki nyingine zote za kampeni alizitunza mwenyewe, kwenye sanduku la bati pamoja na nyaya zake. Hii moja ililala kwa Shangazi, na kabla ya kila mkutano ilibidi aifuate kama mtoto anayetumwa chumvi dukani.

Shangazi alikuwa ameketi peke yake kwenye darasa tupu, nyuma ya uwanja wa shule uliokuwa umeshaanza kujaa watu. Yeye ndiye dada wa baba yake Mheshimiwa, mgombea wao, na ndiye aliyemlea. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Chumba kilinuka udongo mbichi, kama mahali palipochimbwa muda si mrefu... na sakafu ilikuwa ya saruji.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mwenyeji yupo?"

"Yupo. Kinyozi wa hapa sokoni."

Shangazi akampa maiki ikiwa ndani ya kitambaa cheusi. Ilikuwa na joto. Siku zote ilikuwa na joto, kama yai lililotolewa chini ya kuku.

Fundi alikuwa amedanganya. Yule kinyozi, yeye Fundi alishamrudisha nyumbani tangu mchana. Si kwa huruma. Alikumbuka tu kwamba mtu mwenye huruma angefanya hivyo.

Chama kilikuwa kinatafuta mgombea wa urais, na wanasiasa watano walikuwa wakizunguka mkoa kwa mkoa kuomba kura za wanachama. Mheshimiwa alikuwa anashika mkia. Mtu mwema, hana baya, ila akihutubia watu wanaangalia saa. Mikoa ya mwanzo alibwagwa vibaya, na magazeti yalishachoka hata kumkejeli. Ndipo Shangazi alipojiunga na msafara, na maiki yake, na sharti lake.

"Hii haijaribiwi kwa moja, mbili, tatu," alisema. "Mwenyeji wa mahali aseme jambo lililowahi kuujaza moyo wake. Kisha ndio mwanangu aongee."

Siku ya kwanza mwenyeji hakupatikana, Fundi akajitolea. Alisimulia siku mkewe aliposhikwa na uchungu, alivyokurupuka kwenda hospitali akabeba begi la nyaya, akaacha la nguo za mtoto. Alicheka mwenyewe mpaka akafuta machozi, na wale watu wachache wakacheka naye. Mheshimiwa akashinda mkoa ule.

Mkoa uliofuata alisimama muuza samaki, mama wa makamo. Akamtaja mwanawe aliyekufa maji, akalia. Wakashinda. Akaja mwalimu mstaafu, akaja bibi harusi. Wakashinda tena. Viwanja vikawa havitoshi. Wagombea watatu wakajitoa na kutangaza kumuunga mkono, wakitabasamu kama watu wanaong'olewa jino. Magazeti yaleyale yakaandika kwamba upepo umegeuka, na sasa nani wa kumzuia.

Hakuna aliyerudi kumtazama muuza samaki. Fundi alirudi mara moja, kufuata spika iliyosahauliwa. Alimkuta mbele ya meza yake, nzi wakimtembea usoni, hawafukuzi.

"Mama, pole na msiba wa kijana."

"Alikufa," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei.

Fundi alimwelewa, maana naye alikuwa hivyohivyo. Alimzika kaka yake huku akiwaza betri. Mkewe aliliona hilo kabla yake. "Baba Kadogo, siku hizi nimeolewa na ukuta," alimwambia. "Tena afadhali ukuta, unatoa kivuli." Na akacheka. Kicheko cha Mama Kadogo kilijulikana mtaa mzima. Kilianza kama kikohozi, kikapanda ngazi, kikaishia juu kabisa kwa mlio wa birika. Kwa ajili ya kicheko hicho Fundi alimwoa. Hilo alilijua bado, kama anavyoijua namba ya nyumba yake.

Walichopoteza kilikwenda wapi? Jibu alilipata kwenye hedifoni. Jioni moja Mheshimiwa aliwataja wajane, sauti ikamkatika, na uwanja mzima ukalia. Kilio kilichomtoka Mheshimiwa... kilikuwa cha muuza samaki. Halafu akatania kidogo, akacheka. Fundi alikitambua kicheko.

Kilikuwa chake.

Alikisikiliza mpaka kikaisha. Kisha akapunguza besi kidogo.

Sasa mkutano ulikuwa wa mwisho, kesho yake kura, wamebaki wagombea wawili. Na mji ulikuwa mji wa Fundi mwenyewe. Mama Kadogo alisimama mstari wa mbele, mtoto mgongoni, akipunga mkono.

Shangazi alipanda jukwaani, akaja mpaka kando ya mashine ya sauti. "Mwenyeji yuko wapi?"

"Hakuja. Nitasema mimi."

"Wewe?" Akamtazama kifuani, si usoni. Akanong'ona, "Wewe ulishatoa, mwanangu. Humo hamna kitu."

Umati ulianza kunung'unika. Mheshimiwa aliketi kwenye kiti chake, mdomo wazi kidogo, akisubiri. Bila maiki ile hakuwa na la kusema. Mama Kadogo aliona mumewe amekwama mbele ya wakubwa, akajua kibarua kinaota nyasi. Akamwachia jirani mtoto, akapanda ngazi.

"Kwani shida ni kuongea tu? Nipe hicho chuma, Baba Kadogo."

"Rudi chini," Fundi akasema.

Alisema kama anayesoma kibao. Mkewe alishazoea sauti hiyo. Akachukua maiki.

Kidole cha Fundi kilikuwa juu ya kidude cha sauti. Akikishusha, maiki inakufa, na Mama Kadogo anarudi nyumbani alivyokuja. Alilijua hilo vizuri kabisa. Alitafuta woga ndani yake, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka. Akatafuta tena.

Mama Kadogo aliona haya. Sauti ikatoka ndogo. "Mimi... siku ile nilipokuwa najifungua..."

"Hatusikii," watu wakasema kutoka nyuma.

Fundi alikuwa ameifanya kazi hii miaka mingi. Sauti ikiwa ndogo, kidole hakingoji kuambiwa.

Kidole kikapanda.

"...huyu mume wangu kaja hospitali na begi la nyaya," akasema, na hapo hakujizuia. Kikohozi. Ngazi. Birika. Kicheko kilijaa uwanja, kikagonga ukuta wa shule, watu wakacheka hata wasiojua wanachochekea.

Kisha kikakatika.

Harufu ya udongo mbichi ikapita jukwaani... ikaenda zake. Mama Kadogo akamrudishia Shangazi maiki, akashuka. Alimpita mtoto aliyekuwa amemnyooshea mikono. Akasimama, akakumbuka, akarudi, akamchukua vizuri tu, kama mtu anayechukua mzigo wake kwenye basi.

Mheshimiwa alishinda. Jioni ya matokeo Fundi alikuwa nyumbani, mkewe akichambua mchele kwenye ungo. Hawakuwa na ugomvi. Hawakuwa na chochote.

"Unalikumbuka lile begi la nyaya?" Fundi akamuuliza.

"Nalikumbuka," akajibu, macho kwenye mchele.

Kwa jirani redio ilifunguliwa. Mheshimiwa alikuwa anawashukuru wanachama. Akaahidi mambo makubwa, kisha akatania, na akacheka. Kikohozi. Ngazi. Birika.

Kadogo alikuwa sakafuni na vifuniko vyake vya chupa. Akainua kichwa. Uso wote ukamchangamka. Akainuka, akatoka mbio mlangoni kwa vile vimiguu vyake, akielekea kwa jirani.

"Mama," alikuwa akiita. "Mama."

Fundi akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama yeye. Nje giza lilikuwa linaingia, na wote wawili walijua kwamba mmoja wao anatakiwa kuinuka amfuate mtoto.

Mama Kadogo akaona jiwe kwenye mchele, akalitoa, akaliweka pembeni.